Darbargadh ya Bhuj: majumba mawili, tetemeko moja

Saa 2:46 asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, Sikukuu ya Jamhuri nchini India, ardhi ya Kutch ilitikisika kwa kipimo cha 7.7. Kitovu kilikuwa upande wa Bhachau, kilomita 60 hivi mashariki ya mji wa Bhuj. Hesabu ya serikali ya jimbo la Gujarat ni watu zaidi ya 13,800 waliokufa. Hesabu nyingine hufika 20,000. Kisa hiki kinahusu kiwanja kimoja tu ndani ya Bhuj, Darbargadh, yaani boma la waliokuwa watawala wa Kutch. Ndani yake yamo majumba mawili yaliyojengwa ubavu kwa ubavu: Aina Mahal la katikati ya karne ya 18, na Prag Mahal la karne ya 19. Ardhi ni ileile na mtikisiko ni uleule. Aina Mahal lilipoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Prag Mahal lilipasuka vibaya, lakini mnara wake wa mita 45 ukabaki umesimama.

Watu wengi hueleza tofauti hiyo kwa umri: la zamani limechoka, jipya lina nguvu. Maelezo hayo hayatoshi, na yamesababisha matengenezo mengi mabaya. Jengo la mawe haliangushwi na miaka yake. Linaangushwa na mahali ambapo jiwe halikufungwa na jiwe mwenzake.

Kutch ilikuwa mojawapo ya milki zaidi ya 500 za Bara Hindi zilizojiendeshea mambo ya ndani huku Waingereza wakishika ulinzi na mambo ya nje. Ilitawaliwa na ukoo wa Jadeja, mtawala akiitwa Rao na baadaye Maharao. Rao Khengarji wa Kwanza aliifanya Bhuj makao makuu mwaka 1549. Mkataba na Waingereza ulitiwa saini mwaka 1819, na milki ikaingizwa katika India mwaka 1948. Mpaka wakati huo Kutch ilikuwa na sarafu yake yenyewe, kori. Utajiri uliojenga majumba haya ulipitia bandari ya Mandvi. Vyombo viling'oa nanga huko na kaskazi kuja Unguja, vikarudi na kusi vikiwa na pembe za ndovu na karafuu. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Naye Tharia Topan, ambaye jengo lake la zahanati liko mpaka leo kwenye ufuo wa Mji Mkongwe, alizaliwa Kutch. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu akisimama mbele ya mlango wa Aina Mahal uliopambwa kwa pembe za ndovu, anaangalia upande wa pili wa biashara anayoijua.

Aina Mahal maana yake ni jumba la vioo. Lilijengwa na Rao Lakhpatji miaka ya 1750, na fundi wake mkuu alikuwa Ramsingh Malam. Neno hilo malam ni lilelile la Kiarabu, muallim, lililotupa sisi mwalimu; kule lilimaanisha mwongozaji wa chombo, na katika Kiswahili cha mabaharia wa zamani maana hiyo ilikuwapo pia. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilizama karibu na pwani ya Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi na kupelekwa Uholanzi, akakaa huko miaka mingi akijifunza kuunda vioo, kuchoma vigae, kutengeneza saa na kusubu mizinga. Lililo wazi ni kazi aliyoiacha: kiwanda cha vioo karibu na Mandvi, vigae vya buluu na nyeupe vya mtindo wa Kiholanzi, na ukumbi ambao kuta zake za marumaru nyeupe zimefunikwa vioo vilivyotenganishwa na nakshi za dhahabu. Karibu yake kuna Fuvara Mahal, chumba cha chemchemi: jukwaa katikati, birika la maji kulizunguka, na maji yakirushwa juu kwa mitambo ili kupoza hewa wakati Rao akiwasikiliza washairi wake.

Mgeni huangalia vioo. Mkaguzi wa jengo anapaswa kuangalia ukuta ulio nyuma ya vioo.

Ukuta wa kawaida wa mawe katika Bhuj ya zamani ni mnene, nusu mita na zaidi, nao unaonekana imara kama ngome. Ukiukata kwa upana utaona kumbe ni kuta mbili. Uso wa nje umepangwa kwa mawe yaliyochongwa au kuchaguliwa vizuri, uso wa ndani vivyo hivyo, na katikati pamejazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa hafifu. Uzito unaposhuka moja kwa moja, ukuta huo hauna tatizo kwa karne tatu. Tatizo linaanza nguvu inapokuja kwa upande. Zile nyuso mbili hucheza kila moja kivyake, ujazo wa katikati hushuka kama mchanga ndani ya gunia na kusukuma nje, tumbo linatokeza, kisha uso mmoja unamwagika chini. Anayeishi Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe atautambua ukuta huu mara moja, kwa kuwa kuta zetu za mawe ya matumbawe hujazwa katikati kwa namna hiyo hiyo.

Dawa yake inajulikana, na kanuni za ujenzi za India zimeiandika kwa vipimo: jiwe refu linalopita kutoka uso mpaka uso, au mawe mawili yanayopishana na kushikana, kila sentimita 60 za kimo na kila mita 1.2 za urefu. Yasipokuwapo, unene wa ukuta ni mzigo tu. Unaongeza uzito unaotikiswa bila kuongeza mshiko.

Pigo la pili liko kwenye boriti. Katika majumba ya aina hii boriti za mtiki zimelazwa tu ndani ya matundu ya ukuta, sentimita chache za kuegemea, bila chuma wala kabari ya kuzifunga. Ukuta ukiyumba nje, boriti inachomoka, sakafu inashuka upande mmoja, na ukuta unabaki peke yake bila cha kuushika kwenye usawa wa ghorofa. Ndiyo sababu katika Bhuj yote ghorofa za juu ziliondoka zikiacha za chini, na kuta za nje zilianguka zikiacha vyumba vya ndani vikiwa wazi kama kabati lililong'olewa mlango. Aina Mahal lilifuata sura hiyo. Ukumbi wa vioo uko ndani, umezungukwa na vijia, kwa hiyo ulikuwa na kuta za kuukinga kila upande. Sehemu za pembeni hazikuwa na kitu cha kuegemea.

Tena tetemeko la 2001 halikulikuta jengo likiwa zima. Tarehe 16 Juni 1819 Kutch ilipata tetemeko lililoinua tuta refu la ardhi kaskazini-magharibi, linaloitwa Allah Bund mpaka leo, na kuizamisha ngome ya Sindri. Mwaka 1956 ikaja zamu ya Anjar, mji ulio jirani na Bhuj. Aina Mahal lilikuwapo mara zote mbili. Kila mtikisiko huacha nyufa, na desturi ya kila zama ni kupiga lipu juu ya ufa na kupaka rangi. Uso unapendeza, ila nyuso mbili za ukuta zinabaki zimeachana ndani. Anayekagua jengo la namna hii asiamini lipu. Agonge ukuta kwa nyundo ndogo ya mbao kila nusu mita na kusikiliza: mlio mzito ni ukuta mzima, mlio wa debe tupu ni uso uliojitenga. Ayatie alama maeneo hayo kwa chaki na kuyachora kwenye ramani kabla hajasema neno juu ya gharama.

Prag Mahal ni habari nyingine. Rao Pragmalji wa Pili alianzisha ujenzi mwaka 1865, akafariki 1875, na kazi ikamalizika 1879. Mchoraji alikuwa Kanali Henry St Clair Wilkins, mhandisi wa jeshi la Waingereza, na mtindo ni wa Kigothi cha Italia: matao yenye ncha, ukumbi mkubwa wa baraza, nguzo za jiwe la mchanga, marumaru iliyotoka Italia. Rao huyo huyo ndiye aliyetoa tangazo la mwaka 1869 lililowaweka raia wake wa Unguja chini ya mamlaka ya Waingereza, hatua iliyokuwa na uzito mkubwa katika kuwabana wafanyabiashara wa Kutch waliomiliki watumwa huko.

Kwa nini mnara ulisimama? Mnara wa pembe nne, wenye kuta zinazolingana pande zote, hujishika wenyewe kwa kona zake, mradi mawe ya kona yamepangwa kwa kupishana. Mawe ya Prag Mahal yamechongwa mraba, yamelala kwa mistari iliyonyooka, na jiwe hukalia mshono wa mawe mawili ya chini yake. Msuguano peke yake hufanya kazi kubwa. Jambo la pili ni kwamba jengo refu huyumba polepole na jengo fupi gumu hutikisika haraka, na mitetemo ya kasi ndiyo inayozivunja nyumba za ghorofa moja na mbili za mawe. Hilo halimaanishi mnara ulikuwa salama. Ulijeruhiwa, na kumbi zilizo chini yake ziliharibika: matao yalifunguka kwenye jiwe la katikati, dari zikaachia, kuta zikapasuka. Tao lina tabia moja mbaya. Nguzo zake zikisogea mbali kwa sentimita chache tu, jiwe la kilele linashuka, na halirudi lenyewe.

Nje kidogo ya mji wa zamani, kwenye makaburi ya kifalme yanayoitwa Chhatardi, makuba kadhaa yaliporomoka kabisa. Hapo hakuna fumbo: kuba zito la mawe limekalishwa juu ya nguzo nyembamba zilizosimamishwa bila kufungwa, kichwa kizito juu ya miguu myembamba.

Linganisha na nyumba za wafugaji wa Banni, kaskazini ya Bhuj, ziitwazo bhunga. Ni vibanda vya mviringo vya udongo, havina kona, na paa lake ni jepesi la nyasi. Nyingi zilistahimili tetemeko lililoangusha nyumba za mawe na za zege.

Baada ya vumbi kutua, saa iliyokuwa ikihesabu ilikuwa ya mvua. Januari ni kaskazi, anga kavu. Mvua za Kutch huja na kusi, mwishoni mwa Juni au Julai. Ilikuwapo miezi mitano ya kuziba jengo lililo wazi. Maji yakiingia juu ya ukuta uliopasuka huoza ule ujazo wa katikati, chokaa hafifu hugeuka tope, na ukuta uliopona tetemeko huanguka kwa mvua ya mwezi Agosti. Kwa hiyo utaratibu wa kazi katika jengo la namna hii ni huu, na mpangilio wake haubadilishwi.

Kwanza ni kuegemeza. Mbao nene au mabomba ya jukwaa hukingwa kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60, mguu ukikalia ubao mpana ardhini, kichwa kikigusa ubao mwingine uliolazwa ukutani ili kisitoboe lipu. Matao huwekewa fremu ya mbao chini yake kabla mtu hajapita. Pili ni kupunguza uzito wa juu: matangi ya maji, tabaka za lipu zilizorundikwa juu ya paa miaka na miaka, mawe yanayoning'inia. Tatu ni kufunika vilele vya kuta kwa turubai lenye mteremko, likining'inia nje ya uso wa ukuta angalau sentimita 30, maana turubai linaloishia ukingoni humwaga maji yote ndani ya ufa. Ndipo mtu aguse kifusi.

Kifusi cha jumba la kifalme si takataka. Kigawanywe kwa miraba ya mita mbili kwa mbili, kila mraba na namba yake, kila kipande cha nakshi kipigwe picha hapo hapo kilipoanguka. Jiwe lililoanguka karibu na mahali pake linarudishwa kwa urahisi. Likishahamishiwa rundo la jumla huwa fumbo la vipande elfu. Hapa ndipo Bhuj ilipopoteza nyingi ya mali zake. Njia za mji wa ndani ya ukuta zilikuwa nyembamba, zimezibwa kabisa, kulikuwa na miili chini, na mashine zikaingia. Nguzo za mbao zilizochongwa, madirisha ya nakshi na vizingiti vya mawe vilizolewa pamoja na zege. Hakuna anayeweza kulaumu haraka ya siku zile za kutafuta waliokuwa hai. Lakini uzoaji uliendelea kwa miezi, na katika miezi hiyo nyumba zilizoweza kutengenezwa zilibomolewa kwa sababu tu zilikuwa na nyufa.

Vioo vinataka mkono wake. Vioo vya karne ya 18 havikupakwa fedha kama vya leo. Nyuma yake kuna utando wa bati na zebaki, laini kiasi kwamba kidole chenye jasho huacha doa la kudumu. Kioo kilichoanguka hakioshwi. Kinafutwa vumbi kwa brashi laini upande wa mbele tu, kinalazwa uso chini juu ya karatasi isiyo na tindikali, kamwe upande wa zebaki usigusane na kitambaa chenye unyevu, na anayefanya kazi avae glavu kwa usalama wake pia. Madoa meusi yaliyokwisha kuingia hayaondoki. Kuweka kioo kipya king'aavu katikati ya vile vya zamani hufanya ukuta mzima uonekane kama mdomo wenye jino la bandia. Heri kubakiza kile cha zamani chenye mabaka. Vigae vya sakafuni ni rahisi zaidi: vikitikisika, huinuliwa kimoja kimoja kwa ubapa mwembamba, hupewa namba mgongoni, na hurudishwa juu ya chokaa na mchanga.

Ukuta wenyewe unatibiwa kwa uji wa chokaa. Matundu ya milimita 20 hivi hutobolewa kwenye mishono, si ndani ya mawe, kila mita moja, yakipishana kama nukta za dhumna. Husafishwa kwa maji kuanzia juu, na siku inayofuata uji humiminwa kuanzia chini, kwa mpira na faneli iliyoinuliwa mita moja au mbili. Uzito wa uji wenyewe unatosha. Pampu yenye nguvu itausukuma uso wa ukuta ukatoke. Tundu la juu yake likianza kuvuja, ziba la chini na kupanda. Kuanzia usawa mmoja hadi mwingine ukuta upumzike siku moja. Kianzio cha mchanganyiko wa kujengea ni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, 1 ya unga wa matofali yaliyochomwa, na 2 za mchanga uliooshwa mpaka chumvi ikatoka. Kwa uji, mchanga hupunguzwa au kuondolewa. Uji ukishashika, hutobolewa matundu ya kupitisha vyuma visivyoshika kutu, vya milimita 10 au 12, mahali ambapo jiwe refu lilipaswa kuwapo tangu mwanzo. Boriti nazo hufungwa ukutani kwa ukanda wa chuma wenye bamba upande wa nje.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni saruji. Fundi anaona ufa, anaujaza saruji, mteja anaridhika kwa ugumu wake. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la mchanga, kwa hiyo mtikisiko ujao utapasua jiwe badala ya mshono. Haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji hukwama nyuma yake. Tena ina chumvi zake, na hewa ya Kutch ina chumvi ya kutosha tayari kutoka jangwa la Rann. Chumvi hukauka ndani ya ngozi ya jiwe na kuimenya kama ganda la kitunguu. Nondo zilizozikwa ndani ya saruji hiyo hushika kutu, huvimba, na kupasua ukuta kutoka ndani. Paa la zege lililomwagwa juu ya kuta za mawe zisizofungwa ni baya kuliko yote: tani nyingi zinazoteleza kama trei. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, haikuhitaji tetemeko ili iporomoke tarehe 25 Desemba 2020. Ilikuwa katikati ya matengenezo, na wafanyakazi wawili walikufa.

Bhuj ilikuwa na njia nyingine pia, nayo ilichaguliwa kwa hekalu la Swaminarayan la miaka ya 1820. Hekalu hilo liliharibika, na waumini walijenga jipya la marumaru katika eneo jingine, likafunguliwa 2010. Fedha nyingi zilitoka kwa watu wa Kutch walio ng'ambo, wakiwemo wa Nairobi na Mombasa, ambao familia zao zilitoka vijiji vya kuzunguka Bhuj. Kwa nyumba ya ibada uamuzi huo unaeleweka, maana ibada haikai ndani ya jiwe. Jumba la kifalme halina bahati hiyo. Aina Mahal jipya la marumaru lisingekuwa na Ramsingh ndani yake.

Kuchelewa nako kuna bei. Prag Mahal lilikaa miaka na nyufa na milango isiyofunga sawasawa, na mwaka 2006 wezi waliingia wakachukua vitu vya kale vya thamani ya mamilioni ya rupia na kuharibu vingine. Jengo lililoharibika linahitaji mlinzi na orodha kamili ya vitu, yenye picha, kabla halijahitaji mhandisi.

Leo majumba yote mawili hupokea wageni. Ngazi za mnara wa Prag Mahal hupandwa, na kutoka juu unaliona ziwa la Hamirsar na mji uliopangwa upya kwa barabara pana. Katika Aina Mahal unaingia sehemu iliyobaki: ukumbi wa vioo, chumba cha chemchemi, mchoro mrefu wa maandamano ya Rao. Rani Vas, makazi ya wanawake wa ukoo wa kifalme yaliyo ndani ya boma hilo hilo, hayakuwa na vioo vya kuwavuta wafadhili. Yalikaa miaka mingi na vilele vya kuta zake vikiwa wazi kwa kusi, na pale ukuta ulipokatika unaona waziwazi nyuso mbili za mawe na udongo katikati, bila jiwe hata moja la kuzifunga.